Moyo wangu unapiga bila mpango na nimepangiwa kupasuliwa: mliolalishwa mkiwa na hali hii hapa Lushi, nipeni mwanga

Mwalimu_Katuba

Jambo yenu bapapa na bamama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Katuba, Lubumbashi, miaka arobaini na kitu. Tangu nilipozaa mtoto wa mwisho moyo wangu haupigi kwa mpango. Munganga wa moyo alinieleza kwamba vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kupiga, wenyewe wanaita fibrilasio. Chanzo, anasema, ni vali, mlango wa damu ndani ya moyo, ya upande wa kushoto iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi nilipokuwa mtoto. Nameza Sintrom ili damu isigande, bisoprolol ya kupunguza mbio, na furosemide ya kukojoza.

Sasa nina fibromu, uvimbe kwenye kizazi. Natoka damu kila mwezi mpaka nakuwa mweupe, na mwaka huu nimeshatiwa damu. Mpasuaji amesema itolewe. Nilipomuuliza nitalalishwaje akajibu, "Tutaona siku hiyo, sindano ya mgongo ama kulala kabisa." Hilo "tutaona siku hiyo" ndilo linaninyima usingizi. Kuna mtu hapa mwenye moyo kama wangu aliyelalishwa? Nitaamka?

Bwana_Kamalondo

Pole mama mwalimu. Nikuambie ukweli: shangazi yangu alikuwa na moyo, wakamlalisha, hakuamka. Ruashi kuna mzee anamaliza fibromu kwa mizizi, bila kisu. Ukitaka namba yake njoo inbox.

Mama_Ruashi

Bwana Kamalondo, shangazi yako alikuwa na moyo gani? Wa mapigo, wa vali, wa presha, wa kuvimba miguu? Hata mimi nina moyo, na wewe unao. Na mizizi hiyo mtu anayemeza Sintrom akiinywa, nani ajuaye damu itakuwa nyepesi kiasi gani? Mama tayari anavuja. Tusubiri wenye kazi yao waje.

Mzee_wa_Bloku

Habari za jioni. Nimefanya anestezi, kazi ya kulalisha wagonjwa, miaka mingi, Likasi kwanza, halafu hapa Lushi. Sikusomea udaktari wa moyo. Mimi ni yule anayekaa upande wa kichwa cha mgonjwa na kuangalia skrini. Dozi sitatoa hapa, msiniulize.

Mwalimu, "nitaamka?" kila mgonjwa analiuliza, na jibu ninalolitoa kila mara ni lilelile la kutuliza. Swali lenye faida kwako ni hili: moyo wangu ukibadilika katikati ya kazi, mtakuwa na nini pembeni, na nani atakuwa anauangalia? Hilo munganga hawezi kulijibu kwa "tutaona siku hiyo".

Fibrilasio yenyewe, mtu akishaizoea na ikiwa imetulizwa kwa dawa, tunamlalisha mara nyingi. Kinachonitia wasiwasi kwako ni vali. Vali hiyo ya mitrali kwa mtu mzima hufunguka sentimita za mraba 4 mpaka 6. Homa ya baridi yabisi huiacha na makovu, tundu linakuwa dogo, likifika 1.5 au chini yake, hiyo ni nyembamba ya hatari. Namba yako iko kwenye karatasi ya eko ya moyo, ile picha ya mawimbi ya sauti. Itafute leo. Moyo wenye tundu dogo ni kama pampu ya kisima: ukikimbiza mpini, maji hayapati muda wa kupanda. Mapigo yakipanda 130, 140, damu inabaki nyuma, inarudi kwenye mapafu, na mgonjwa anaanza kupumua povu. Kwa hiyo kazi yangu nzima kwako ingekuwa kuzuia mbio. Na mbio zinaletwa na nini? Maumivu, woga, kiu, homa, damu kupungua, oksijeni kushuka, na ule mpira tunaouingiza kooni.

Pia dawa zetu wenyewe. Ketamine mnaijua wengi hata kama hamjui jina, ile inayomfanya mtu aamke akiimba au akigombana na ukuta. Mwanadamu alidungwa kwa mara ya kwanza mwaka 1964, na mpaka leo ndiyo inayobeba hospitali zetu, kwa sababu haidai mashine, mgonjwa anaendelea kupumua na presha haianguki. Naipenda. Lakini inapandisha mapigo, na kwa vali nyembamba yenye fibrilasio ningetafuta nyingine kwanza. Halotani ya zamani, pale inapobaki, nayo ina tabia yake: inaufanya moyo uwe mwepesi kushtuka adrenalini ikiingia.

Sindano ya mgongo watu wanaiona ndogo kwa sababu uko macho. Inashusha presha ghafla. Kwa vali iliyobana sana, kushuka huko ni shida kubwa kuliko kulala taratibu. Halafu kuna Sintrom: sindano ikigusa mshipa mgongoni na damu isigande, donge la damu linaweza kukandamiza neva na miguu ikalemaa. Ndiyo maana hakuna sindano ya mgongo kabla ya kuona kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani.

Jambo la mwisho kwa leo, na watu wengi wanalisahau. Furosemide inatoa potasiamu pamoja na mkojo. Potasiamu ikishuka moyo unakuwa na hasira. Omba wapime chumvi za damu mapema, wasikusanye yote asubuhi ya kupasuliwa.

Fifi_wa_Kenya

Yaya mwalimu, usiogope sana. Mie niko na bugonjwa ya moyo ya kuzaliwa nayo, banaiita WPW. Siku ingine moyo inaanza kukimbia tu bile, hata mapigo mia mbili. Apandisiti ilinikamata usiku, bakanipeleka ku hospitali kwenye hakuna mutu alikuwa ananijua. Mume wangu alikuwa na foto ya ECG yangu, ile karatasi yenye kuonyesha umeme ya moyo, ku telefone. Ile foto njo ilifanya kazi! Munganga wa anestezi aliangalia, akasema "ngoja kwanza", akabadirisha dawa yenye alikuwa amesha kutayarisha. Balinilalisha. Wakati ya kuamuka moyo ilikimbia kidogo, bakatia dawa ku mushipa, ikatulia. Siku ya kutoka nilikula bukari na sombe kama mutu mwenye hana kitu.

Kila mutu mwenye moyo kama yangu atie foto ya ECG ku telefone. Na ku telefone ya mutu mwengine pia, juu wewe utakuwa umelala, kodi yako ya kufungua telefone hakuna mwenye ataijua.

Mzee_wa_Bloku

Fifi kasema jambo la thamani kuliko karatasi zangu zote. Hao Wolff, Parkinson na White waliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1930: moyo una waya wa ziada unaopitisha umeme kwa njia ya mkato. Kwa mgonjwa wa WPW aliyeingia kwenye fibrilasio, digoksini au verapamil, dawa ambazo kwa mwingine hutuliza mbio, zinaweza kuufungulia ule waya wa mkato na moyo ukaenda kasi ya kuua. Bila ECG yake ya siku za kawaida, mtu wa zamu ya usiku hana namna ya kujua.

Muuguzi_Temeke

Salamu kutoka Dar, majirani. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Huku mgonjwa wa moyo anapopewa nusu kaputi tunasoma kwa sauti ile orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008. Ilijaribiwa katika miji minane, na Ifakara kwetu ilikuwa mmojawapo, pamoja na London, Toronto na kwingineko. Kabla hujalala wanathibitisha kipimo cha oksijeni kimefungwa kidoleni na kinafanya kazi, na wanauliza kama kuna hatari ya kupoteza damu zaidi ya mililita 500. Fibromu ni hatari hiyo. Kabla ya kisu, mtu wa dawa ya usingizi anatakiwa kuwaambia wenzake ni nini cha pekee kuhusu mgonjwa huyu. Mama mwalimu, muulize mpasuaji wako kama wanaisoma. Hakuna kosa kuuliza.

Mwalimu_Katuba

Aksanti sana kwenu wote. Nimetafuta karatasi ya eko: imeandikwa 1.8. Nimepumua kidogo.

Mzee, jirani yangu mwenye dada muuza dawa anasema niache Sintrom siku tano kabla, na bisoprolol pia "ili moyo uwe safi". Mwingine anasema nibadilishe Sintrom niende kwenye rivaroxaban, ya kisasa, haina kupimwa damu.

Mzee_wa_Bloku

1.8 ni habari njema, lakini usiitembeze kama ruhusa. Mpelekee anayekulalisha.

Siku tano ni hesabu ya warfarin, dawa ya familia hiyohiyo ya Sintrom lakini inayokaa mwilini muda mrefu zaidi. Sintrom huondoka upesi. Kwa hiyo anayekupa siku za dawa nyingine anakuacha bila kinga siku kadhaa za bure, na wewe una vali yenye makovu na vyumba vinavyotetemeka, mahali damu inapopenda kuganda na kukimbilia kichwani. Tarehe ya kuacha na ya kuanza tena inaandikwa na munganga wa moyo pamoja na mpasuaji. Wapasuaji wengi wanataka INR iwe chini ya 1.5 siku ya kazi. Kama watakupa sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, katikati ama la, hilo wanapima wao: kuganda upande huu, kuvuja upande ule, na kwako pande zote mbili ni nzito.

Rivaroxaban: mwaka 2022 ulitoka utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye fibrilasio iliyotokana na homa ya baridi yabisi, wengi kutoka nchi kama zetu. Waliobaki kwenye dawa za zamani, za kupimwa INR, walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroxaban. Kwa fibrilasio nyingine hizo dawa mpya ni nzuri. Kwa yako, ya zamani inashinda. Mwambie jirani.

Bisoprolol usiiache. Aliyezoea dawa hiyo akiikata ghafla moyo hukimbia, na mbio ndizo tunazozikimbia sisi. Kwa kawaida inamezwa hata asubuhi ya kupasuliwa, na maji ya kulainisha koo tu. Na asiyeinywa asiazime ya jirani ili "ajitayarishe": mwaka 2008 utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 8,000 uliwaanzishia wasioizoea dawa ya jamii hiyo siku ileile ya upasuaji. Mishtuko ya moyo ilipungua, lakini viharusi na vifo vikaongezeka.

Kampemba_Fundi

Niingilie kidogo, mimi ni fundi umeme. Tunaongea mashine, skrini, oksijeni. SNEL, wenye umeme wetu, je? Umeme ukikatika mwalimu akiwa amelala?

Mzee_wa_Bloku

Fundi, wewe njo umeuliza swali la Lushi.

Skrini nzuri ina betri yake. Mashine ya kushtua moyo pia ina betri, ila betri isiyochajiwa ni pambo. Uliza lini ilijaribiwa. Angalia oksijeni inatoka wapi. Ile mashine inayochuja hewa ya chumbani inazimika pamoja na umeme, chupa kubwa ya chuma haizimiki. Mahali pazuri wana vyote viwili. Jenereta inachukua muda kuwaka, kwa hiyo lazima kuwe na ile mpira ya kupuliza kwa mkono. Nimepuliza kwa mkono usiku mwingi, taa ya telefone ikishikwa na mwanafunzi, na mgonjwa akaamka akiuliza kama tumeshaanza.

Mwana_wa_Mumbunda

Baba yangu ni mstaafu wa migodi, aliwekewa betri ya kuusaidia moyo kupiga, Afrika Kusini. Sasa ni prostati, tezi dume, inatakiwa kupasuliwa. Betri itaharibika?

Mzee_wa_Bloku

Betri yenyewe haisumbuliwi na dawa ya kulala. Inasumbuliwa na kisu cha umeme, na kazi ya prostati kupitia njia ya mkojo hutumia sana umeme huo. Betri inaweza kuusikia ikadhani ni mapigo ya moyo, ikanyamaza. Kama baba anaitegemea kila pigo, unaelewa maana yake. Kuna njia: kisu cha ncha mbili ambacho umeme wake hauzunguki mwilini, kubandika lile bamba la kisu mbali na kifua (pajani, kwa kazi ya prostati), kukata kwa vipindi vifupi. Na sumaku: ikiwekwa juu ya betri nyingi, betri inaacha kusikiliza na inapiga kwa mwendo wake wenyewe. Ila kama ni ile kubwa inayoshtua, sumaku inazima kushtua tu, haibadilishi kupiga. Watu wanachanganya hizo mbili, hata ndani ya bloku, chumba cha kupasulia. Baba ana kadi aliyopewa siku ya kuwekewa, ina jina na namba ya mashine. Iende naye, kadi yenyewe, si maelezo ya mdomo.

Mama_BelAir

Mzee samahani, nimesoma kimyakimya toka mwanzo. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja. Anazimia akishtuliwa na kelele, mlango ukipigwa, simu ikilia usiku. Dada yake mkubwa alikufa akiwa anakimbia shuleni, walisema ni kifafa. Wiki mbili zijazo anatolewa tonsili.

Mzee_wa_Bloku

Mama, pole sana kwa mtoto. Kabla ya tonsili apigwe ECG, na aliyeisoma apime muda unaoitwa QT. Waambie neno kwa neno ulivyoniambia mimi: anazimia kwa kelele, na dada yake alikufa ghafla akikimbia. Watoto wengine huzaliwa na moyo unaochelewa kujichaji baada ya kila pigo, na kuzimia kwao kunafanana na kifafa. ECG ya kawaida mara moja bado haifungi mlango, historia ya familia ina uzito.

Ikiwa ndiyo hiyo, dawa nyingi za kawaida zinarefusha QT: kwinini ya malaria, halofantrine hasa, azithromycin na erythromycin, haloperidol, hata ondansetron tunayoitoa ili mtu asitapike akiamka. Gesi nyingine za kulalishia pia. Mtu wa anestezi akijua anachagua njia nyingine, propofol kwa mfano haisumbui sana QT, na chumba kinakaa kimya mtoto anapolala na anapoamka. Tonsili zinaweza kungoja. Piga simu kesho asubuhi.

Mama_BelAir

Nitapiga. Mungu akubariki papa.

Mwalimu_Katuba

Narudi na habari, nimeshatoka hospitali, naandikia kitandani nyumbani.

Niliomba kumwona mtu wa anestezi kabla ya siku. Sekretari alishangaa, lakini nikapewa. Kijana mdogo, mtaratibu. Aliniuliza kama napanda ngazi mpaka orofa ya pili bila kusimama, nalala na mito mingapi, kama usiku naamka nikitafuta hewa. Akasikiliza kifua muda mrefu. Potasiamu ilikuwa chini, akasema, "Mama, hatuendi na hii," akasogeza tarehe nikanywa ya kuongeza. Tarehe za Sintrom alipigiana simu na munganga wa moyo nikiwa nimekaa pale. Kaka zangu wawili wakatoa damu, ikawekwa tayari.

Alichagua kulala kabisa, dawa ikiingia polepole, na akanionyesha mashine ya kushtua moyo akaibonyeza iwake mbele yangu. Aliona namwangalia kama mwalimu anayesahihisha. Chakula niliacha tangu usiku, maji safi aliniruhusu mpaka zibaki saa mbili kabla ya kulalishwa, bisoprolol nikaimeza.

Kazi ilienda vizuri. Jioni ndipo moyo ukaanza kukimbia, nikahisi kifua kinatetemeka. Muuguzi alitaka kuongeza dawa ya moyo. Yule kijana akaja, akafunua shuka, akakuta mpira wa mkojo umekunjika na kibofu kimejaa kama ngoma, na dawa ya maumivu ilikuwa imechelewa. Wakanyoosha mpira, wakanipa ya maumivu, mapigo yakashuka yenyewe. Sintrom nimeanza tena kwa ruhusa ya mpasuaji.

Pesa ya dhamana waliyoitaka mlangoni ni uzi mwingine, na nitauandika nikipona hasira.

Mama_Ruashi

Tumshukuru Mungu! Na yule kijana.

Fifi_wa_Kenya

Yaya 🙏🏾 foto ya ECG ulitia ku telefone?

Mwalimu_Katuba

Yangu, ya mume wangu, na ya mtoto mkubwa.

Bwana_Kamalondo

Mama mwalimu, nimefurahi kabisa. Sasa Mzee, Jumamosi naenda kung'oa jino. Mara ya mwisho walinichoma sindano ya ganzi moyo ukadunda nikadhani ndiyo mwisho. Na mimi nina moyo?

Mzee_wa_Bloku

Ganzi ya meno mara nyingi inachanganywa na adrenalini kidogo ili damu isitoke na ganzi ikae. Ikiingia karibu na mshipa moyo unadunda dakika chache, hata kwa mzima. Lidokaini yenyewe, hiyo ganzi, sisi tunaitumia pia kutuliza aina fulani ya mapigo mabaya. Mwambie wa meno yaliyokupata, anaweza kutumia isiyo na adrenalini au kuidunga polepole. Akupime presha na mapigo kwanza. Ukihisi moyo unadunda hata siku zisizo na sindano, nenda upigwe ECG.

Na walio kwenye Sintrom wanaosoma hapa: jino moja mara nyingi hung'olewa bila kuacha dawa, INR ikipimwa kabla. Wenye vali mbovu msiyaache meno yaoze, bakteria wa kinywa wanapenda kwenda kukaa kwenye vali.

Bwana_Kamalondo

Vali sina. Nina woga tu.

Mzee_wa_Bloku

Mwambie na huo. Na nenda asubuhi, wa meno huyo Jumamosi anafunga saa sita.